Ardhi iliyolala Utange: kaunti inaweza kuichukua?

1/ Kila msimu wa kura ahadi ni ileile: mashamba yaliyolala Utange na kwingineko Kisauni yatachukuliwa, maskwota wagawiwe. Tamu masikioni. Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Mwaka 1908 wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi Pwani. Mwenye shamba ajitokeze adai na athibitishe. Lisilodaiwa likawa la serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi walikuwa wakilima, lakini hati zikaenda kwa wengine.

3/ Ndiyo maana mpaka leo utakuta kichaka kina hati, mwenyewe haonekani, na jirani yake amezaliwa hapo hana karatasi.

4/ Sasa kaunti ina nini mkononi? Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inairuhusu kutoza kodi ya ardhi. Kulaza shamba kukiwa na gharama, mwenyewe ataliendeleza au atauza. Lakini kumnyang'anya tu, hapana: kifungu cha 40 kinataka iwe kwa manufaa ya umma, na fidia ya haki ilipwe.

5/ Skwota naye ana njia. Ukikaa wazi miaka 12 mfululizo kwenye ardhi ya mtu binafsi, bila ruhusa yake, unaweza kuidai mahakamani. Ardhi ya serikali haimo.

6/ Kwa hivyo akija na ile ahadi, muulize mawili: pesa za fidia ziko kwenye bajeti gani? Na wenye vichaka wanadaiwa kodi kiasi gani?