Undugu wa Kuchanjiana katika Njia za Misafara

Katika karne ya 19, undugu wa kuchanjiana, yaani agano la watu wasio wa ukoo mmoja la kuchanjwa chale na kubadilishana damu, ulimpatia mfanyabiashara wa bara mwenyeji wa kumlinda ugenini. Huko Buganda kila mmoja alipaka damu yake punje moja kati ya mbili za tunda la kahawa, kisha akameza ya mwenzake. Mwaka 1876 Manwa Sera, kiongozi wa wapagazi wa mvumbuzi Stanley, aliwaketisha bwana wake na mtemi Mirambo wa Unyamwezi mkabala, akawachanja mguu wa kulia. Mjerumani Carl Peters naye, bila haya, mwaka 1884 aliutumia undugu huo huko Usagara kupata mikataba, ambayo Ujerumani iliifanya msingi wa koloni.