"Ile" na "Hii": Historia Fupi ya Lugha ya Utapeli wa Simu Afrika Mashariki, 2007–2020

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utapeli wa simu nchini Kenya, Tanzania na Uganda tangu huduma za pesa kwa simu zilipoanza mwaka 2007. Hoja yake kuu ni kwamba kinga zilizobuniwa na kampuni za simu na serikali ziligeuzwa na matapeli, moja baada ya nyingine, kuwa sehemu ya maneno ya ulaghai uliofuata. Kwa hiyo, kinga ya kudumu haiwezi kuwa ya mitambo peke yake. Sharti iwe pia kinga ya lugha na ya mazoea.

1.0 Utangulizi

Kabla ya simu ya mkononi kuenea, mtu aliyefanya kazi mjini na kutaka kupeleka fedha kijijini alikuwa na njia chache: hawala ya posta, utingo wa basi, au ndugu aliyekuwa akisafiri. Njia hizo zilikuwa za polepole na hazikukosa wizi. Hata hivyo, aliyekabidhiwa amana alionekana kwa macho. Alikuwa na uso, jina na kwao. Akiila amana, palikuwa na mtu wa kuulizwa. Nchini Uganda, kabla ya huduma rasmi kuanza, watu walitumia muda wa maongezi kama fedha. Aliye mjini alinunua vocha, akamsomea namba zake mwenye simu ya kijijini, naye huyo akampa jamaa aliyekusudiwa fedha taslimu baada ya kukata sehemu yake. Hata hapo, mwenye simu alikuwa jirani.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Vodacom ilifuata Tanzania mwaka 2008, na MTN ikaanzisha huduma yake Uganda mwaka 2009. Faida ya huduma hizi kwa familia zilizotengana haina ubishi. Lakini ziliondoa uso wa mbebaji, na mahali pake pakabaki ujumbe mfupi wa maandishi. Imani iliyokuwa juu ya mtu ikahamia kwenye matini, na matini yaweza kughushiwa na yeyote anayeimudu lugha yake.

2.0 Kinga Tatu na Ulaghai Uliozifuata

2.1 Ujumbe wa uthibitisho

Kinga ya kwanza ilikuwa ujumbe wa uthibitisho: namba ya muamala, kiasi, jina la mtumaji, tarehe na salio. Ujumbe huo ulichukua nafasi ya stakabadhi. Matapeli waliuiga neno kwa neno, wakautuma kutoka simu ya kawaida, kisha wakapiga: "Samahani, nimekosea namba, naomba unirudishie." Mpokeaji aliyeamini maandishi bila kuangalia salio lake alirudisha fedha ambazo hakuwahi kuzipokea, yaani alitoa zake mwenyewe.

2.2 Jina la mpokeaji

Kinga ya pili ilikuwa kumwonyesha mtumaji jina la mwenye namba kabla ya fedha kuondoka. Nchini Kenya huduma hiyo iliitwa Hakikisha, na mifumo ya Tanzania nayo ilionyesha jina kabla ya mtumaji kuthibitisha. Ilitarajiwa kwamba jina geni lingemzindua mtumaji. Jibu la matapeli lilikuwa sentensi ambayo Watanzania wengi wameipokea kwa namna moja au nyingine: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Kwa maneno machache hayo, jina geni likageuka kuwa alama ya usahihi. Mtumaji alipoliona kwenye skrini hakushtuka, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuambiwa alitarajie.

Sarufi ya sentensi hiyo yastahili kuchunguzwa. Kionyeshi "ile" hutumiwa kurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalifahamu tayari. Tapeli hana mazungumzo yoyote na mpokeaji. Anayadai tu, kwa neno moja. Ujumbe hutumwa kwa watu wengi, na wengi huupuuza. Lakini miongoni mwao yumo anayedaiwa kodi ya nyumba jioni ileile, au aliyeahidi mchango wa harusi, au mzazi anayengojewa kulipa ada. Kwake "ile" ina maana kamili, na ni yeye mwenyewe anayeijaza. Kisha "hii" humhamisha kutoka deni la kweli hadi namba ya uongo. Ulaghai wote umekaa baina ya vionyeshi viwili.

2.3 Usajili wa laini

Kinga ya tatu ilitoka serikalini. Kenya iliagiza laini zisajiliwe mwaka 2010. Tanzania iliweka sharti hilo katika Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka huohuo. Uganda ilianza usajili mwaka 2012. Tanzania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2019 ilipoanzisha usajili kwa alama za vidole ukiambatana na kitambulisho cha taifa. Muda wa mwisho, uliokuwa Desemba 31, 2019, uliongezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa zikaanza kuzimwa.

Usajili uliwapa wapelelezi mahali pa kuanzia, na hilo si jambo dogo. Lakini uliwapa pia matapeli hadithi mpya. Hofu ya kufungiwa laini ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo sauti iliyojitambulisha kuwa ya huduma kwa wateja, ikisema usajili wako una kasoro na unatakiwa kutaja namba ya siri ili usifungiwe, ilisikika kama sauti ya serikali yenyewe. Agizo la kuwalinda wananchi likawa kisingizio cha kuwaibia.

3.0 Nani Anayetapeliwa?

Katika mazungumzo ya kila siku, aliyetapeliwa huitwa mjinga au mwenye tamaa. Historia hii haiungi mkono hukumu hiyo. Anayerudisha fedha "zilizokosewa" ni mtu mwaminifu asiyetaka kula cha mwenzake. Anayetuma "ile hela" ni mtu anayelipa deni. Anayetaja namba ya siri ni raia anayetaka kutii agizo. Wapo wanaonaswa kwa tamaa, kwa ahadi za bahati nasibu na faida za haraka, lakini hila tatu zilizoelezwa hapa huvuna maadili mema. Lawama ina gharama kwa sera pia: anayeona aibu haripoti, na asiporipoti, namba iliyomwibia hubaki hewani ikimngoja mwingine.

4.0 Mafunzo kwa Watunga Sera

Kwanza, elimu kwa umma ifundishe mazoea badala ya orodha ya hila, kwa kuwa hila hubadilika. Zoea kuu ni kurudi kwenye chanzo ulichokichagua mwenyewe: kata simu, kisha mpigie anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali. Salio litazamwe kwenye akaunti, wala lisisomwe katika ujumbe uliotumwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo ni salio unalolifungua kwa mkono wako. Anayedai kukosea aelekezwe kwa kampuni yake ya simu, ambayo ndiyo yenye utaratibu wa kurejesha muamala. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote.

Pili, njia za kuripoti ziwe fupi na zivuke mipaka. Tanzania ina namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli, na *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fedha na ujumbe huvuka mpaka kwa urahisi kuliko malalamiko. Inafaa Jumuiya ya Afrika Mashariki ifikirie namba moja ya pamoja.

Tatu, kabla ya agizo lolote jipya kutangazwa, waulizwe wataalamu wa lugha: tapeli atalitamkaje agizo hili kesho asubuhi? Tangazo la agizo lieleze pia kile ambacho ofisi husika haitaomba kamwe.

5.0 Hitimisho

Kuanzia 2007 hadi 2020 kinga ziliongezeka, na ulaghai ulijifunza lugha ya kila moja. Kinga isiyogeuzwa kwa urahisi kuwa maneno ya tapeli ni ile ya mtu kusita, kukata simu na kuuliza mahali anapopajua. Wasafirishaji wa amana wa zamani walilindwa na kujuana. Jukumu la watafiti wa Kiswahili na washauri wa sera ni kuurudisha ulinzi huo katika mazungumzo ya watu wasioonana.