Kiti cha Askofu Hufuata Soko: Butembo, Beni na Kitongoji Chao cha Mabalako

Mwaka 1075 maaskofu wa Uingereza walikutana London na kukubaliana jambo lililohusu utawala kuliko ibada: viti vya kiaskofu vilivyokuwa vijijini vihamie kwenye miji iliyojaa watu. Sherborne ikampoteza askofu wake, akaenda Old Sarum. Wa Selsey akahamia Chichester, na wa Lichfield akahamia Chester. Kiti cha Elmham, kilichokuwa kimekwisha kuhamia Thetford, kikafika Norwich kabla karne hiyo haijaisha, na mwaka 1096 Askofu Herbert de Losinga akaanza kujenga kanisa kuu katika mji uliokwisha kuwa na soko, mafundi na mto wa kupitishia mizigo. Anayeutazama mnara wa Norwich leo hudhani kwamba mji ulizaliwa miguuni pake, na kumbe mji ulikuwapo kwanza ndipo ukamvuta askofu. Wells, ambako kanisa kuu ni la fahari lakini biashara haikukua kwa kiasi hicho, imebaki mji mdogo hadi sasa. Birmingham nayo ilitambuliwa rasmi kuwa jiji mwaka 1889, miaka 16 kabla Kanisa la Anglikana halijaipa askofu wake. Nimeanzia mbali hivi kwa sababu historia ya Butembo na Beni, miji ya Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, mara nyingi husimuliwa kinyume chake: kwamba wamisionari walikuja, wakajenga, na watu wakakusanyika kuzunguka kengele. Ushahidi wa mahali penyewe hauoneshi hivyo.

Butembo iko kilomita kama 15 tu kaskazini mwa ikweta, lakini juu ya milima inayozidi kimo cha meta 1,700, kwa hiyo wakazi wake huvaa sweta asubuhi. Beni iko kilomita 54 kaskazini, chini sana kuliko Butembo, mahali msitu mkubwa unapoanzia, ikiwa na bonde la Semliki na milima ya Ruwenzori upande wa mashariki. Ukiiacha Beni na kushika barabara ya Mambasa kuelekea magharibi, baada ya kilomita kama 30 unafika Mangina, mji mdogo ulio ndani ya kanda ya afya ya Mabalako. Juu kuna baridi, viazi, kabichi, maharagwe, vitunguu na mashamba yaliyogawanywa mpaka yakabaki vipande. Chini kuna joto, michikichi, mpunga, kahawa, kakao na ardhi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa bado inapatikana. Mtu asiyeuona mteremko huo hawezi kuelewa kwa nini mji ulikua mlimani na kwa nini watu wa mlimani wamekuwa wakishuka msituni kizazi baada ya kizazi.

Dola ya kikoloni haikuichagua Butembo. Kituo chake cha zamani upande huu kilikuwa Beni, karibu na Semliki, na baadaye makao ya utawala wa nchi ya juu yakawekwa Lubero. Wamisionari walifuata dola. Mwaka 1906 Mapadre wa Moyo Mtakatifu walifungua misioni ya Mtakatifu Gustave huko Beni ya kale, katika bonde ambalo homa ya malale ilikuwa ikilimaliza. Mwaka 1929 mapadre Waasumpsio waliingia na kuichukua kazi hiyo, nao hawakukawia kuona kwamba watu walikuwa mlimani. Wakapanda hadi Mulo na Musienene. Wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya MGL iliweka kambi yake Butembo, katika ardhi ya ukoo wa Baswagha, ili kuhudumia machimbo ya dhahabu ya Lubero na ya msitu wa Manguredjipa. Kambi ya kampuni ilihitaji vibarua, vibarua walihitaji chakula, na wakulima wa vilima vya jirani walikuwa nacho. Soko la Butembo lilianza hapo, katika mahesabu ya unga na maharagwe, kabla mtu yeyote hajafikiri kuweka hapo kiti cha askofu.

Kumbukumbu za Kanisa lenyewe zinaonesha jinsi jina la jimbo lilivyochelewa kuufuata mji. Misioni iliyojitegemea ya mwaka 1934 iliitwa Beni. Vikarieti ya mwaka 1938, chini ya Askofu Henri Piérard, iliitwa Beni. Jimbo lilipoundwa rasmi Novemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru, liliitwa Beni pia. Ni mwezi Februari 1967, Emmanuel Kataliko akiwa amekwisha kumrithi Piérard, ndipo likawa jimbo la Butembo-Beni, na Butembo ikatangulia. Tangu misioni ya 1934 hadi siku hiyo ilipita miaka 33, na katika miaka hiyo Butembo iligeuka kutoka kambi ya kampuni hadi kuwa soko ambalo eneo zima lililitegemea. Roma haikuiumba Butembo kwa waraka ule wa 1967. Iliandika tu kile ambacho wachuuzi wa vitunguu walikuwa wamekwisha kukiamua.

Hapa msomaji wa Butembo anaweza kunipinga, tena kwa haki. Atauliza: je, shule zilijengwa na nani? Hospitali? Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989 Kataliko akiwa askofu, kilitoka sokoni? Hakikutoka sokoni, ni kweli, na hakuna anayeweza kuiandika historia ya mji huu bila Kataliko. Mtu huyo alikuwa na uzito wa kipekee. Mwaka 2000, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, waasi wa RCD walipotaka kumnyamazisha walimrudisha Butembo kwa nguvu na kumzuia huko tangu Februari hadi Septemba, na akafariki Roma Oktoba mwaka huohuo. Lakini tutazame nguvu ya Kanisa la Butembo ilitoka wapi. Zaire ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa imeacha kutengeneza barabara na kulipa walimu. Wafanyabiashara wa kabila la Wanande, watu wa mlimani, waliokuwa wakipeleka mboga na maharagwe hadi Kisangani na kuleta bidhaa kutoka Afrika Mashariki kupitia mpaka wa Kasindi, walijikuta wakichanga fedha za barabara na umeme wao wenyewe, na wakulima wakatoa nguvu zao katika salongo, yaani kazi za pamoja. Askofu alikuwa mtu ambaye pande zote zilimwamini kushika mchango. Kiti chake kilikuwa na nguvu kwa sababu kilikuwa katikati ya watu wenye kitu cha kuchanga. Kama kingebaki katika bonde la malale, Kataliko yuleyule angekuwa askofu mwema wa nchi tupu.

Pingamizi la pili ni la upande wa Beni, nalo lina chumvi ya ushindani wa miji miwili. Beni itasema kwamba ndiyo iliyopata utawala, ndiyo iliyokuwa makao ya kundi la waasi la RCD-K/ML wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, na kwamba leo ni mji kamili wenye tarafa zake nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, sawasawa na Butembo yenye Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Sibishi. Ninachosema ni kwamba miji hii miwili haijawahi kutengana kwa jinsi karatasi za serikali zinavyoitenganisha. Mmoja una kaunta za wauzaji wa jumla, mwingine una mlango wa msitu na njia ya Uganda. Mfanyabiashara mwenye duka Butembo ana ghala Beni, na ana shamba la kakao upande wa Mangina linalotunzwa na mpwa wake. Kistari kilicho katikati ya jina la jimbo kinaeleza uchumi huo kwa usahihi kuliko ramani ya wizara. Hata Tume ya Uchaguzi, ilipoahirisha uchaguzi wa Desemba 2018 hadi Machi uliofuata, iliziweka Butembo, Beni na wilaya ya Beni katika tangazo moja.

Na Mabalako? Hapa ndipo hoja yangu inapojaribiwa. Kitongoji, kwa kawaida ya watu, ni mahali ambapo nyumba za mji zinaishia. Katwa ni kitongoji cha Butembo bila ubishi: misioni ya Wabaptisti iliyokuwa kijiji chenye mambo yake imemezwa na mji mpaka mgeni hajui ameingia Katwa lini. Lakini Mabalako iko mbali, karibu kilomita 80 kutoka kanisa kuu, na katikati kuna mji mwingine mzima. Wenyeji wake wa zamani si Wanande peke yao. Wilaya ya Beni, ambamo Mabalako imo, ni ya Wambuba, Walese, Wapakombe na Wambuti pia, na kila mmoja ana kumbukumbu yake ya msitu ambayo haikuanza na soko la mtu yeyote. Hata hivyo, tangu ardhi ya Lubero ilipobana, vijana wa mlimani wameshuka huko kutafuta shamba, wakapanda kahawa ya robusta. Ugonjwa wa kunyauka ulipoiua kahawa hiyo, wakageukia kakao. Mtaji, mbegu na gari la kupakia magunia vilitoka Beni na Butembo, na mapato yakarudi hukohuko kujenga nyumba za matofali na kulipa karo. Mashamba ya maaskofu wa zamani wa Uingereza yalikuwa vivyo hivyo: Ely na Durham ziliishi kwa ardhi iliyokuwa mwendo wa siku nzima na zaidi kutoka kwenye kuta zake, na hakuna mwanahistoria anayeziandika bila ardhi hiyo.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa bahati mbaya, uliletwa na ugonjwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola, na kitovu kilikuwa Mangina, katika kanda ya Mabalako. Tufuate njia yake. Kwanza iliikumba Mabalako. Kisha ikaingia Beni, na kufikia miezi ya mwisho wa mwaka ilikuwa imepanda hadi Butembo na Katwa, ambako katika nusu ya kwanza ya 2019 iliua watu wengi mno. Baada ya hapo ikarudi Mabalako tena. Ikavuka pia mpaka wa mkoa na kuingia Mandima, Ituri, ambako barabara ya Mangina inaendelea kwa wakulima walewale. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Goma, makao makuu ya mkoa na mji mkubwa kuliko yote haya, ilipata wagonjwa wanne. Uganda, iliyo jirani kabisa, ilipata wachache pia. Ugonjwa ule uliingia pale watu walipokuwa wakipeleka mgonjwa kwa dada yake, kuzika mjomba, kupakia kakao na kununua sabuni. Ulichora mipaka ya mji ambayo hakuna mpimaji ardhi aliyewahi kuichora.

Atakayesema kwamba Goma iliokolewa na chanjo na maandalizi ya mapema atakuwa amesema kweli, ila ni sehemu tu ya ukweli. Beni nayo ilikuwa na chanjo tangu Agosti 2018, na mlipuko haukuzimika. Kilichotofautiana ni wingi wa safari na uzito wa undugu. Wapo pia watakaosema kwamba vurugu ndizo zilizoamua yote: mauaji ya raia yaliyoanza kuitesa wilaya ya Beni Oktoba 2014, mashambulizi dhidi ya vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo Februari 2019, na kuuawa kwa Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, Aprili mwaka huo, katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben. Vurugu zilirefusha janga, hilo halina shaka. Lakini vurugu hazielezi kwa nini njia ya ugonjwa ilikuwa Mabalako, Beni, Katwa, na kurudi. Njia hiyo ilikuwapo tayari, imekanyagwa na vizazi vya wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa na wakristo wanaokwenda kuwaona mapadre wao wakipewa upadrisho. Wabaptisti wa kanisa la CBCA na Waislamu wa Beni walipita njia ileile, na hilo linatosha kuonesha kwamba sizungumzii imani bali eneo la mji.

Lawama, kama ipo, ni ya wanaochora mipango. Katika karatasi, Butembo inapangwa peke yake, Beni peke yake, na Mabalako inahesabiwa kuwa kijiji cha wilaya kinachongoja zamu yake baada ya miji kushiba. Barabara ya Beni kwenda Mangina inahesabiwa kuwa ya mashambani, ilhali inabeba mapato ya miji miwili. Kituo cha afya cha Mangina kilipewa vifaa vya mji pale tu maiti zilipoanza kuhesabiwa. Jimbo katoliki, kwa upungufu wake wote, limeshika eneo hili kama kitu kimoja tangu 1934, na makanisa mengine yamefanya hivyo kwa njia zao. Serikali ya mkoa, mameya wa miji yote miwili na shirikisho la wafanyabiashara wanapaswa kukaa meza moja na machifu wa sekta ya Beni-Mbau, na kuanza bajeti ya barabara, maji na hospitali kutokea Mabalako kupanda mlimani.