Kutoka Uhalisi hadi Usiri: Historia ya Huduma Salama za Majina ya Vikoa na Uchaguzi wa Mtumiaji wa Matambarale

Makala haya yanachunguza jinsi maana ya usalama katika mfumo wa majina ya vikoa (DNS) ilivyobadilika tangu mwaka 1983, na athari zake kwa mtumiaji wa simu katika kata ya Matambarale, wilayani Ruangwa. Hoja ya msingi ni kwamba kuchagua huduma salama ya DNS hakuondoi haja ya kuamini. Kunahamisha imani kutoka kwa msimamizi mmoja kwenda kwa mwingine.

Paul Mockapetris alipobuni mfumo huo mwaka 1983, lengo lilikuwa kubadili majina kuwa anwani za namba. Maswali na majibu yalisafiri wazi, bila saini wala usimbaji. Hatari yake ilidhihirika mwaka 2008, Dan Kaminsky alipoonesha kuwa mshambuliaji angeweza kupandikiza majibu ya uongo katika kumbukumbu ya seva, na wote wanaoitegemea wakapelekwa kwenye tovuti bandia. Kinga iliyokuwapo, DNSSEC, iliimarika Julai 2010, mzizi wa mfumo ulipotiwa saini. Hata hivyo, saini huthibitisha uhalisi wa jibu, haifichi swali.

Usiri ulishughulikiwa baadaye, kwa viwango viwili vya usimbaji: DoT (2016) na DoH (2018). Katika kipindi hicho Quad9 (2017) na Cloudflare (2018) zilifungua huduma za bure, zikifuata ile ya Google ya mwaka 2009. Toleo la 9 la Android, mwaka 2018, liliweka uchaguzi huo ndani ya mipangilio ya simu.

Hatua hiyo ndiyo inayomgusa mtumiaji wa Matambarale. Kwa kawaida simu yake huuliza seva za kampuni ya simu, inayowajibika kwa TCRA na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Akichagua Quad9, kampuni hiyo haioni tena maswali yake ya majina. Yanapokelewa na taasisi iliyo chini ya sheria za Uswisi. Aidha, anapata uchujaji wa majina yanayojulikana kuwa hatari, jambo lenye manufaa kwa mkulima wa korosho au ufuta anayepokea fedha kwa simu. Lakini uchujaji haumzuii kumtajia tapeli namba yake ya siri.

Upatikanaji nao ni sehemu ya usalama. Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulidhoofisha intaneti nchini. Simu iliyofungwa kwa seva moja ya nje isiyofikika haipati jina lolote, hata la tovuti ya .tz iliyohifadhiwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo, huduma ipimwe kwa mambo manne: uthibitishaji wa saini, usimbaji, muda wa kutunza kumbukumbu za maswali, na uwezo wa kufikika. Historia hii inaonesha kuwa kila kinga ilijibu tishio mahususi. Mtumiaji asiyeelezwa tofauti hizo hubadili tu anayemwona, akidhani haonekani.