Bunduki Ililipiwa, Kamera Ikafuata

Nauza picha za wanyama na misitu hapa Westlands, zilizotiwa fremu tayari kutundikwa ukutani. Mteja huuliza bei, halafu huuliza chui yule nilimwonea wapi. Kibali cha kupiga picha za kuuza hakiulizi. Mimi ndiye ninayekiwaza, na nikikiwaza huona kwamba asili yake ni leseni ya bunduki.

Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa rupia 750, yaani pauni 50, nayo ilitaja wanyama wangapi wa kila aina aliruhusiwa kuua. Mpiga picha wa msafara wake alikuwa mwanawe, Kermit. Wakoloni walihesabu vichwa na pembe. Picha haikumpunguza mnyama hata mmoja, basi nani angeitoza? Baadaye Wamarekani Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe, walipiga kambi Marsabit miaka kadhaa kuanzia 1924, wakiwanasa tembo na vifaru kwenye filamu. Mwaka 1928 walitoa filamu yao Simba. Tiketi zilikatwa Marekani.

Mwaka 1946 ilitangazwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini. Palipo na mbuga pana geti, na palipo na geti pana ada. Kisha ikaja sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya 1962: filamu isitengenezwe Kenya kwa ajili ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, hapa au ng'ambo, bila leseni. Hiyo ilihusu sinema. Sisi wa picha za ukutani tulikuwa bado tumekaa pembeni.

Kilichotuvuta katikati, kwa maoni yangu, ni Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya biashara ya ngozi, pembe na mapambo yatokanayo na wanyamapori. Wenye maduka ya vitu hivyo wakafunga. Kuanzia hapo, kitu cha mnyama ambacho mtu wa mjini angeweza kukiuza kihalali bila wasiwasi kilikuwa sura yake tu: kadi za posta, kalenda, na vitabu vikubwa vya picha kama vile vya Mohamed Amin na kampuni yake ya Camerapix. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ilizaliwa mwaka 1989, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikamalizia kazi. Katika orodha ya matumizi ya wanyamapori yasiyohusisha kuua, upigaji picha wa kibiashara umetajwa pamoja na utalii, elimu na utafiti. Picha imeingia katika daftari lile lile la pauni 50. Sioni dhuluma hapo. Anayevuna msituni na alipe.

Ninachogombana nacho ni kipimo. Ukizisoma kanuni hizi unamwona mgeni aliyekusudiwa: anakuja na magari matatu, jenereta na watu kumi na wawili. Mwenye kamera moja begani anaambiwa apange foleni hiyo hiyo. Na huku kwetu foleni ni nyingi. Msitu wa Karura, uliotangazwa rasmi mwaka 1932, uko chini ya Huduma ya Misitu. City Park pale Parklands ni bustani ya umma iliyotangazwa turathi ya taifa mwaka 2009. Ndege akiruka kutoka mmoja hadi mwingine, dakika chache tu, amekwisha kubadilisha mwenye kutoa kibali. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, imepakana na Ikulu. Huko askari hutazama kwanza lenzi imeelekea wapi, mambo ya kuuza baadaye.

Tena getini hukumu hutolewa kwa macho. Mwenye simu hupita akisalimiwa, mwenye lenzi ndefu na stendi ya miguu mitatu husimamishwa. Siku hizi wa simu huenda akawa ameiuza picha yake mtandaoni kabla hajafika kwenye gari, na huyo wa lenzi ndefu ni mstaafu anayependa ndege.

Ombi langu kwa wanaoandika kanuni ni moja: wekeni kibali cha mwaka cha mpiga picha binafsi, kwa bei ya mtu mmoja, kinachotambulika Karura, City Park na Mbuga ya Nairobi kule Lang'ata. Kiwekeni tukilipie.