Chachu Yenye Jina Letu

Ukipita Kibokoni asubuhi, harufu ya mahamri inakufikia kabla hujamwona mpishi. Unga umelala na hamira usiku kucha, na humo ndani seli zimezaana kimyakimya: kila moja inaota kinundu ubavuni, kinundu kinakua, kisha kinajitenga.

Hamira ana binamu wa mbali, anaitwa Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe, neno ambalo ukilitaja mbele ya bibi yangu hapa Mji wa Kale utasikia astaghfirullahi tatu mfululizo. Mwaka 1893 huko Berlin, Paul Lindner aliieleza chachu hii kutoka kwa pombe ya nafaka iliyoletwa kutoka Afrika Mashariki, enzi ambazo jirani zetu wa kusini walitawaliwa na Wajerumani. Jina la Lindner liko vitabuni. La mpikaji halimo.

Pombe haioti kinundu. Inarefuka kama kijiti, halafu inakatika katikati, kwa hivyo ukipima urefu wake unajua imefika wapi. Ndiyo maana Murdoch Mitchison aliipenda kule Edinburgh miaka ya 1950. Baadaye Paul Nurse akafuatilia jeni moja, cdc2, inayoamua seli igawanyike lini. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee wakachukua jeni ya binadamu, wakaitia kwenye chachu ambayo cdc2 yake imeharibika. Chachu ikagawanyika kama kawaida! Mwaka 2001 Nurse alipata Nobel pamoja na Tim Hunt na Leland Hartwell, ambaye yeye alitumia hamira, ile ile ya mahamri.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni zamu. Jeni hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Kabla DNA haijanakiliwa, protini Cdc10 na wenzake huwasha kundi la jeni za kunakili. Kazi ikiisha zinazimwa, na kundi jingine linawashwa la kugawanya. Mwaka 1998 watafiti walihesabu kwenye hamira takriban jeni 800 zinazopanda na kushuka hivi, kati ya kama 6,000. Kwenye pombe, mwaka 2004, zilikuwa kama 400. Na zinazofuata mpigo mmoja kwa wote wawili? Makumi machache tu. Yaani mashine inafanana, ratiba kila mmoja kajipangia.

Juzi nilimsimulia bibi haya yote akiwa anakanda unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata ile pombe akaivumilia. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, na mwenye pombe yake walimpa nini?"