Chumba cha Mitende

Mwishoni mwa 1835, James Raymond Wellsted, luteni wa jeshi la majini la India ya Waingereza, alishuka bandari ya Sur akapanda ngamia kuelekea bara. Alikuwa na ridhaa ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alikuwa na kipimajoto, na alikuwa na mazoea ya kuandika kila alichokiona. Alipita Jalan, akaendelea mpaka Badiya, na huko akakuta jambo lililomshangaza: vijiji vimekaa shimoni. Watu walikuwa wamechimba ardhi kwenda chini futi sita hadi nane, udongo wakaurundika pembeni ukawa kama vilima, kisha wakaingia humo ndani na maisha yao yote. Aliyaeleza hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1838.

Kwa nini mtu achimbe shimo ndipo apande? Jibu liko kwenye maji. Maji ya falaj, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji wa Oman, hayasukumwi na mashine wala kuvutwa na ng'ombe. Yanateremka yenyewe kutoka chanzo kilicho juu, kwa mteremko mdogo ambao jicho halitambui. Shamba likiwa juu ya usawa wa mfereji, hata kwa shubiri moja, halipati tone. Basi kama maji hayapandi, ardhi ndiyo ishuke. Na ikishuka, faida nyingine zinafuata: ule udongo uliorundikwa pembeni unazuia upepo na kukamata mchanga kabla haujaifikia miche, na unyevu unakawia chini badala ya kupeperushwa.

Jalan Bani Bu Hassan ni mahali ambapo hesabu hiyo haina mchezo. Wilaya hii iko katika mkoa wa Sharqiyah Kusini, ubavuni mwa Bani Bu Ali. Upande wake wa magharibi inapakana na bahari ya mchanga ambayo wengi bado wanaiita Wahiba, eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500, lenye matuta yanayofuatana kama mawimbi. Upande wa mashariki, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, kuna Bahari ya Arabu, ambako upepo wa kusi unaufanya mji wa Al Ashkharah kuwa na ubaridi wakati bara inaungua. Katikati hapo umepita Wadi Batha, bonde linalobeba mafuriko ya milima ya Hajar Mashariki kila mvua inaponyesha kwa nguvu. Kiangazi joto linapita nyuzi 45. Mchanga unatembea. Mvua inaweza isionekane mwaka mzima. Na bado watu wakapanda.

Leo, katika miji ya baridi ya Ulaya, kuna wanaofunga hema dogo la kitambaa kinachong'aa ndani ya dari ya nyumba, chini ya mapaa yaliyoinama, ili waoteshe pilipili au mchicha wakati nje kuna theluji. Kabla ya mbegu, mtu wa namna hiyo anakutana na maswali manne: joto linapanda na kujikusanya wapi, mwanga unatoka wapi, hewa itapitaje, na maji yatafikaje bila kuharibu sakafu. Mkulima wa Jalan alikuwa nayo manne hayohayo kabla ya umeme kujulikana, ila mawili kwake yaligeuka: mwanga ulikuwa mwingi kupita kiasi, na joto halikuhitaji kutafutwa. Taa yake ilikuwa jua lenyewe, na kazi ilikuwa kulipunguza.

Alilipunguza kwa mitende. Anayeuona mtende kuwa ni mti wa matunda tu hajaona nusu ya kazi yake. Katika shamba la Sharqiyah mitende ndiyo paa. Chini ya paa hilo husimama miti ya kimo cha kati: ndimu, mwembe, komamanga, mgomba. Na chini kabisa, ardhini, huwekwa majaruba ya matuta yenye majani ya malisho ambayo Waomani huyaita qatt, pamoja na vitunguu, vitunguu saumu na mboga. Jua linalofika chini limeshachujwa mara mbili. Kila ghorofa inaishi kwa mabaki ya mwanga ya ghorofa iliyo juu yake, na maji yanayomwagwa kwa ajili ya mtende yanawanywesha wote.

Wellsted aliingia katika mashamba ya namna hiyo akitoka moja kwa moja kwenye mwako wa jangwa, na akaandika kwamba hatua moja tu inambadilishia msafiri dunia. Akatoa kipimajoto chake. Ndani ya nyumba kilisoma Farenhaiti 55, yaani kama nyuzi 13. Kikiwa inchi sita juu ya ardhi ya shamba, kilishuka hadi 45, kama nyuzi 7. Alisema pia kwamba hata mchana wa jua kali hewa ya chini ya mitende ilikuwa na ubaridi wa majimaji unaoshika ngozi. Hakulipamba jambo hilo, na hakulipenda sana. Lakini namba zake mbili ni ushahidi adimu: huyu hapa mtu amesimama mwaka 1835 ndani ya hali ya hewa iliyotengenezwa kwa mikono, akaipima.

Miaka ileile, huko London iliyojaa moshi wa makaa ya mawe, daktari aitwaye Nathaniel Bagshaw Ward aligundua kwamba mimea inaweza kuishi muda mrefu ndani ya kioo kilichofungwa. Mwaka 1833 akapeleka masanduku yake ya kioo, yakiwa na mimea hai, mpaka Sydney. Vitabu vya bustani vya Ulaya humtaja Ward kwa heshima. Heshima hiyo anastahili. Ila mtu wa Sharqiyah akisikia kwamba siri ni kuufungia mmea hewa yake na unyevu wake, atafikiri juu ya shamba la babu yake.

Chumba hicho cha mitende hakikujengwa na mtu mmoja, na hapo ndipo historia ya Jalan inapozidi ile ya kioo. Kuchimba falaj ya aina ya daudi kunaanzia kwenye kisima mama, karibu na mlima, ambapo wachimbaji wanahakikisha maji yapo. Kutoka hapo handaki linaelekezwa kijijini, na kila baada ya masafa fulani kinatobolewa kisima cha wima ili wachimbaji wapate hewa na mwanga, na udongo upate pa kutokea. Watu wa kabila la Awamir walijulikana Oman nzima kwa ufundi huo. Jina la daudi linatokana na masimulizi kwamba Nabii Suleiman bin Daud ndiye aliyewaamuru majini kuzichimba. UNESCO inasema falaj zilizoorodheshwa huenda zimeanza karibu mwaka 500 baada ya Kristo, na kwamba akiolojia inaonyesha umwagiliaji katika nchi hii kavu tangu miaka 2,500 kabla ya Kristo.

Maji yakitoka juu ya ardhi, mahali pa kwanza panaitwa sharia, na hapo yanachotwa ya kunywa. Kisha yanapita msikitini na penye mabafu ya wanaume na ya wanawake, kila upande na sitara yake. Baada ya hapo tu ndipo yanaingia mashambani. Na huko nako kuna mpangilio: mitende kwanza, kwa sababu mtende ukifa hasara ni ya miaka, halafu mashamba ya msimu yanayoitwa awabi. Mwaka wa ukame awabi zinaachwa zikauke. Mwaka wa neema zinatanuka. Hivyo kijiji kinapumua pamoja na maji yake bila kuua kilicho cha kudumu.

Kipimo cha haki ni muda. Mwenye hisa hana lita, ana saa. Sehemu inayojulikana zaidi inaitwa athar, kiasi cha nusu saa ya mtiririko. Mchana ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, kikitembea juu ya alama za mawe; usiku ulipimwa kwa nyota, na mzee aliyezijua nyota za kila msimu alisikilizwa kama kadhi. Wapo wenye hisa za kurithi, zipo hisa za msikiti, na zipo zinazonadiwa ili fedha ziende kwenye matengenezo ya falaj.

Zamu ikifika, kinachofanyika ni kidogo sana kwa macho. Mtu anainama kwenye mfereji, anang'oa jiwe lililozungushiwa matambara lililokuwa limeziba tundu la shamba lake, na jiwe hilohilo analishindilia kwenye mkondo mkuu. Maji yanasita, yanapanda kidogo ukingoni, kisha yanageuka. Anayafuata na jembe fupi, akifungua tuta moja na kuziba jingine kwa udongo, mguu peku ukimwambia wapi pameloa na wapi bado. Dakika zinahesabika. Jirani anayefuata ameshafika na amesimama na jembe lake, wala hakuna anayehitaji kusema neno.

Chumba cha mitende kilihitaji pia ulinzi. Jalan Bani Bu Hassan ina ngome na minara, na Jalan yote imeonja vita. Mwaka 1820 kikosi cha Waingereza na cha Sayyid Said kilishindwa vibaya na kabila la Bani Bu Ali. Mwaka 1821 Jenerali Lionel Smith akarudi na jeshi kubwa zaidi na kuivunja ngome yao. Miaka kumi na minne baadaye, Wellsted alipofika akitegemea chuki, Bani Bu Ali hao walimpokea kwa karamu na ngoma.

Si wote waliobaki Jalan: kutoka Sur, majahazi yalisafiri na upepo wa kaskazi kwenda Unguja na Pemba, yakiwa na tende. Watu wa Sharqiyah walihama pamoja nayo, na wengine wakawa wakulima wa karafuu. Mbegu za mkarafuu zilikuja visiwani mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na jina linalotajwa ni la Mwarabu Saleh bin Haramil; mashamba ya Mtoni na Kizimbani ni ya mwanzo. Mkarafuu mchanga ni dhaifu. Mbegu yake ikikauka haioti, na mche ukichomwa na jua unakufa. Kwa hiyo huoteshwa kitaluni, chini ya kichanja kilichoezekwa makuti, ukinyweshwa na kulindwa, na kivuli kinapunguzwa pole pole ili uzoee jua kabla ya kuhamishiwa shambani. Mtu aliyekulia chini ya mitende ya Jalan hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ilibidi kupanda upya.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walirudi Oman, na baada ya 1970 wengi zaidi. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika mpaka leo katika nyumba za Sur, Jalan na Ibra. Lakini nchi waliyoirudia ilikuwa inabadilika. Pampu za dizeli ziliingia, kisha za umeme. Mwenye kisima chake hakuhitaji tena nyota wala zamu, na maji ya chini yakaanza kushuka haraka kuliko yanavyojazwa na mvua. Falaj ni ya kwanza kuumia, kwa kuwa haiwezi kuyafuata maji yanakokwenda. Sensa ya falaj iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ilihesabu 4,112, na kati ya hizo 3,017 ndizo zilizokuwa bado hai. Mwaka 2006 UNESCO iliziweka tano katika Urithi wa Dunia, zikiwemo Daris ya Nizwa na Al Jeela ya wilaya ya Sur. Ni jambo jema. Lakini falaj isiyo na watu wa kuingia handakini kuzoa tope inakufa hata ikiwa na cheti.

Pembeni mwa mitende siku hizi Oman ina nyumba za plastiki zinazolima zaidi matango. Upande mmoja zina kuta za karatasi nene zinazoloanishwa maji, upande wa pili feni kubwa zinazovuta hewa ipite humo na kupoa. Zinafanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu; unyevu wa baharini ukiingia, maji hayageuki mvuke kwa urahisi na ubaridi unapungua. Umeme ukikatika adhuhuri ya Juni, mimea haina muda mrefu. Paa la mitende halina swichi, ila linataka miaka mingi kabla halijafunga vizuri.

Na linaanza na chipukizi. Waomani huliita sarma: mtoto anayeota kwenye shina la mama, akikatwa kwa mtaimbo kwa uangalifu mzizi usiumie. Makuti yake hupunguzwa, yaliyobaki hufungwa pamoja kwa kamba, naye hupandwa ndani ya shimo lililo chini kuliko ardhi inayolizunguka, ili maji yamfuate. Kisha huviringishwa gunia au makuti makavu, juu pakiachwa wazi. Hilo ndilo hema lake. Wiki za kwanza hunyweshwa kila siku, na hakuna anayemgusa wala kumfungua kutazama. Mwenye shamba anaangalia juu tu, penye tundu la gunia, akingoja kuti jipya lichomoze, la kijani kibichi, limenyooka.